Kazi ni kulea mwana: jinsi chembe changa za hewani zinavyokua

Baba mkubwa wangu anagema utomvu katika msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi. Anachana gome la msindano, anafunga mfuko mweusi wa plastiki chini ya mchano, kisha anahamia mti wa pili. Utomvu unatoka polepole, mweupe kama uji mzito, na ukishakaa siku mbili juani unaganda kwenye kingo za mfuko kama nta. Ukisimama naye saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapasha majani, harufu inakupanda puani mpaka unahisi umeilamba.

Nilimaliza kidato cha sita nikaenda kushinda naye msituni wiki mbili. Siku moja, tukiwa tumekaa kwenye gogo tunakula viazi vya kuchemsha, akaniuliza:

"Huu utomvu naukinga kwenye mfuko. Hii harufu je, mwanangu? Siku nzima inatoka, mwaka mzima. Inaishia wapi?"

Nikamwambia, "Inapotea tu hewani, baba mkubwa."

Akanyamaza, akatafuna kiazi chake. Nilijua hakuridhika. Mimi pia, nikifikiri vizuri, sikuridhika, maana kitu hakipotei tu. Jibu lake nilikuja kuliona miaka kadhaa baadaye, mbali sana na Mufindi, kwenye kioo cha kompyuta ndani ya kibanda kilichozungukwa na misindano ya Ufini.

Kibanda hicho kiko Hyytiälä, kusini mwa Ufini, kwenye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki kiitwacho SMEAR II. Miti inayokizunguka ilipandwa kwa mbegu mwaka 1962. Juu ya miti unasimama mnara unaozidi mita 120, na toka Januari 1996 vyombo vya pale vimekuwa vikihesabu chembe zilizomo hewani usiku na mchana. Nilikuwa huko kimasomo. Asubuhi hiyo ilikuwa ya Aprili, theluji bado imebaki penye kivuli, anga safi haina hata wingu. Ndani ya kibanda kulinuka butanoli, aina ya alkoholi inayotumika kwenye mashine za kuhesabia, harufu tamu nzito inayokaa kwenye sweta hadi jioni.

Kwenye kioo kulikuwa na mchoro. Kushoto kwenda kulia ni saa za siku. Chini kwenda juu ni ukubwa wa chembe. Rangi inaonyesha wingi, buluu zikiwa chache na nyekundu zikiwa nyingi. Tangu usiku mchoro ulikuwa umetulia. Kufika saa nne asubuhi hivi, pale chini kabisa, kwenye ukubwa wa nanomita tatu, pakatokea doa la njano. Likageuka jekundu. Tulipotoka kunywa chai tukarudi, lile doa lilikuwa limeanza kupanda. Saa nane mchana limepanda zaidi, na jioni lilikuwa limeshachora mkia mrefu uliopinda kwenda juu. Watafiti wa huko, watu waliokulia mbali na migomba, mchoro huo wanauita ndizi. Na kweli ni ndizi, imelala na ncha yake imeinuka.

Nilisimama pale nikakumbuka gogo, viazi, na swali la baba mkubwa. Harufu ilikuwa inageuka kuwa kitu mbele ya macho yangu.

Nieleze kwanza tunazungumzia udogo gani. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita kama 70,000. Chembe inapozaliwa hewani ina upana wa nanomita moja au moja na nusu, yaani ni kifundo cha molekuli chache zilizoshikana. Kwa udogo huo haiwezi kushika maji yakawa tone la wingu. Mvuke wa maji unahitaji kitu cha kujikalia, na kwa hali ya kawaida ya anga kitu hicho lazima kiwe na upana wa nanomita 50 hadi 100. Kwa hiyo kati ya kuzaliwa na kufaa kuwa mbegu ya wingu kuna safari, na sehemu kubwa ya wanaoianza hawaimalizi.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Sijaona sentensi inayobeba fizikia hii vizuri zaidi. Kwa miaka mingi wanasayansi walishughulika zaidi na namna chembe zinavyozaliwa, na ni swali zuri. Lakini hewa inaweza kuzaa maelfu kwa maelfu kwenye kila sentimita ya ujazo, na kesho yake kusiwe na hata moja iliyofikia wingu. Mambo yanaamuliwa kwenye nanomita za mwanzo, kuanzia moja hadi tano hivi.

Tatizo la kwanza la kichanga ni umbo lake mwenyewe. Umewahi kupanda daladala la saa kumi na mbili jioni? Ukiwa umebanwa mbele, nyuma na ubavuni, hata usiposhika bomba huanguki, watu wamekushika. Molekuli iliyo juu ya maji yaliyotulia kwenye ndoo iko hivyo: ina majirani pembeni na chini, wanaivuta ibaki. Sasa mfikirie aliyekaa juu kabisa ya shehena ya mkaa kwenye lori. Pande zote zinateremka, wa kumshika ni wachache, tuta moja linatosha kumrusha. Ndivyo ilivyo molekuli iliyotua juu ya mpira wa nanomita mbili. Uso wa mpira umepinda mno, majirani ni haba, na molekuli inaruka kurudi hewani. Aliyelieleza jambo hili ni William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, katika karne ya 19, na mpaka leo linabeba jina lake.

Kwa hiyo mvuke ambao ungeganda bila shida kwenye chembe kubwa hauwezi kuganda kwenye chembe changa. Kichanga kinahitaji chakula cha aina yake: molekuli nzito, zinazonata, ambazo zikishatua hazitaki tena kuondoka. Asidi ya salfuriki ni mojawapo. Inatokana na gesi ya salfa, iwe ya makaa ya mawe, ya volkano, au ile inayotoka kwa viumbe wadogo wa baharini. Ila kwenye misitu asidi hiyo ni kidogo mno. Ukipiga hesabu ya ukuaji unaoonekana Hyytiälä, wastani wa nanomita kama tatu kwa saa, asidi peke yake inalisha sehemu ndogo tu. Nani analisha sehemu iliyobaki?

Harufu ndiyo inayolisha. Ile harufu ya msindano ni kundi la gesi ziitwazo terpini, na maarufu kuliko zote katika misitu ya kaskazini ni alfa-pinini, yenye kaboni kumi na hidrojeni kumi na sita. Ikiwa vile ilivyotoka kwenye mti haina maana kwa chembe changa. Ni nyepesi, inapaa. Lakini ikikutana na ozoni hewani inavunjwa mahali pamoja, na hapo kinaanza kisa ambacho kilinifanya niache kulala mapema wiki nzima. Molekuli iliyovunjwa inanyakua oksijeni kutoka hewani. Kisha inachukua hidrojeni kutoka mkono wake mmoja na kuihamishia mkono mwingine, kama mtu anayehamisha mzigo ili apate nafasi ya kubeba mwingine. Nafasi ikipatikana, inanyakua oksijeni tena. Inahamisha, inanyakua. Yote haya ndani ya sekunde chache, na mwisho wake kile kilichokuwa harufu nyepesi kimebeba oksijeni saba au zaidi, kizito, kinanata, hakirudi tena kuwa mvuke. Mwaka 2014 kundi la watafiti likiongozwa na Mikael Ehn lilionyesha katika jarida la Nature kwamba molekuli hizi zinatengenezwa kwa wingi wa kutosha kulisha chembe za msituni.

Miaka miwili baadaye kikaja kipande kilichokuwa kimebaki. Pale CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, kuna pipa kubwa la chuma cha pua lenye ujazo wa mita za ujazo 26 na upana wa mita tatu, liitwalo CLOUD. Lilianza kazi mwaka 2009 chini ya uongozi wa Jasper Kirkby. Ndani yake wanatengeneza hewa safi kupita unayoweza kuikuta popote duniani, kisha wanaongeza gesi moja moja kwa vipimo vidogo sana na kutazama kinachozaliwa na kinachokua. Usafi wenyewe ndio sayansi yote pale: uchafu kidogo tu ukutani unatosha kuharibu jibu. Mwaka 2016 walionyesha kwamba mvuke wa alfa-pinini uliooksidishwa, bila asidi ya salfuriki kabisa, unaweza kuzaa chembe na kuzikuza. Na kuhusu malezi walionyesha kitu ninachokipenda hasa: kichanga kinaanza na molekuli nzito kuliko zote, kwa kuwa ndizo pekee zinazoweza kukaa juu yake. Kikishapanuka kidogo, uso wake ukipungua kupinda, molekuli zisizo nzito sana nazo zinaweza kukaa. Kikipanuka tena, nyepesi zaidi zinakubalika. Kwa hiyo chembe inavyozidi kukua ndivyo inavyopata aina nyingi za chakula, na mwendo unaongezeka. Mtoto anaanza kwa uji mwororo, mwisho anakula makande.

Lakini kuna wanaomla yeye.

Hewa haina chembe changa peke yake. Kuna vumbi, chumvi ya bahari, masizi, chembe za juzi zilizokwisha kukomaa. Chembe ya nanomita mbili ni nyepesi kiasi kwamba molekuli za hewa zinairusha huku na huku bila kupumzika, na katika kurushwa huko inagonga chembe kubwa na kunasa. Ikinasa, basi, imekwisha kuwa chembe. Kubwa haijui hata kama imeongezewa kitu. Kadiri kichanga kinavyochelewa kukua ndivyo kinavyozidi kuwa hatarini, kwa kuwa hatari inapungua haraka kadiri upana unavyoongezeka. Hesabu yote ya malezi iko hapo: kasi ya kula dhidi ya uwezekano wa kuliwa. Hewa yenye moshi mwingi inaweza kuwa na gesi tele za kuzalisha, na bado ikawa machinjio ya vichanga.

Ndiyo maana watu walistaajabu kuona chembe changa zikizaliwa na kukomaa katika miji kama Beijing, ambako kwa hesabu zilitakiwa kuliwa zote ndani ya dakika chache. Mwaka 2020 kutoka pipa lile lile la CERN likaja jibu moja. Hewa ikishuka chini ya nyuzi tano hivi za Selsiasi, asidi ya naitriki na amonia, gesi mbili ambazo moshi wa magari na shughuli za mjini haziziachi ziishe, zinaweza kuganda pamoja juu ya chembe ya nanomita chache tu, na chembe ikakua kwa kasi ya mamia ya nanomita kwa saa. Ni kwa muda mfupi, lakini inatosha kuvuka bonde la hatari. Baridi ikizidi, chini ya nyuzi 15 za hasi, gesi hizo mbili zinaweza hata kuzaa chembe zenyewe.

Nimetaja kuhesabu mara nyingi bila kueleza tunahesabuje kitu kisichoonekana kwa hadubini ya kawaida, na hapa inabidi nimtaje John Aitken wa Falkirk, Uskoti. Kabla yake Mfaransa Paul-Jean Coulier alikuwa ameonyesha, mwaka 1875, kwamba ukungu hautokei kwenye chupa ya hewa iliyochujwa vumbi. Aitken akalifikia jambo hilo kwa njia yake, akalipeleka mbali. Alisema kama hewa isingekuwa na chembe, mvuke ungetulowesha sisi wenyewe, nguo zetu, kuta zetu, maana usingekuwa na mahali pengine pa kukaa. Miaka ya mwisho ya 1880 akatengeneza kifaa: anaingiza hewa kidogo kwenye chupa yenye unyevu, anavuta pampu kwa ghafla hewa ipoe, mvuke unakaa juu ya kila chembe na kuwa tone, matone yanaangukia kibao kilichochorwa miraba ya milimita, naye anainama na lenzi kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Alifanya hivyo maelfu ya mara, akabeba chupa yake hadi vilele vya milima. Na akaona kwamba mwanga wa jua ukipiga baadhi ya gesi, chembe zinatokea mahali ambapo hazikuwapo.

Mashine ya Hyytiälä inafanya kazi ile ile, isipokuwa badala ya maji inatumia butanoli na badala ya jicho inatumia mwali wa leza. Chembe inapita kwenye mvuke wa butanoli, inavimba hadi kuwa tone, leza inalimulika, linahesabiwa. Yaani ili tumwone mtoto inabidi tumkuze kwa sekunde moja kile ambacho angekua kwa siku kadhaa. Nilipolielewa hilo, harufu ile ya kibanda haikunikera tena.

Turudi kwenye ndizi yetu. Kwa nanomita tatu kwa saa, chembe iliyozaliwa saa nne asubuhi, ukuaji usipokatika, ingefika nanomita 50 saa nane za usiku. Upana umeongezeka mara 50; uzito umeongezeka mara 125,000. Usiku gesi za kuilisha zinapungua, kwa hiyo mara nyingi inachukua zaidi, siku moja au mbili. Kisha, pepo zikiiinua na unyevu ukiwapo, inakuwa kiini cha tone la wingu. Kwa makadirio ya mifano ya kompyuta, karibu nusu ya mbegu za mawingu duniani zilianza maisha namna hii, kama gesi. Na wingu lenye mbegu nyingi kwa maji yale yale lina matone madogo mengi, ni jeupe zaidi, linarudisha jua zaidi angani. Kwa hiyo swali la chembe ngapi zinaokoka utotoni ni swali la joto la dunia, na pia la jinsi mawingu yalivyokuwa kabla ya viwanda. Kama misitu iliweza kuzaa na kulea bila salfa ya viwandani, basi anga la mababu zetu halikuwa tupu kama lilivyokuwa likichorwa.

Mpaka hapa nimekaa kaskazini, lakini moyo wangu uko kwetu. Afrika Kusini, katika hifadhi ya Botsalano iliyoko kwenye nyika ya jimbo la North West, vipimo vya mwaka 2006 hadi 2008 vilikuta chembe mpya zikizaliwa siku kama saba katika kila kumi. Hyytiälä ni kama siku moja katika nne. Nyika yenye jua kali na salfa ya viwanda vya mbali imeushinda msitu maarufu kuliko yote! Halafu kuna Amazoni. Miaka mingi ilikuwa kitendawili: chini, msituni, vichanga karibu havionekani kabisa, lakini ndege zilizopanda zaidi ya kilometa kumi zilikuta bahari ya chembe ndogo. Desemba 2024 makala mbili katika Nature zilikitegua. Isoprini, gesi ambayo miti ya majani mapana inaitoa kwa wingi kuliko nyingine zote, inabebwa juu na mawingu ya radi usiku. Jua likichomoza kule kwenye baridi ya nyuzi 50 za hasi, isoprini inaoksidishwa pamoja na naitrojeni iliyounguzwa na radi, na vichanga vinazaliwa na kukua haraka, mbali na chembe kubwa za chini zinazokula. Baadaye hewa inawashusha, wakiwa wamekua.

Nilipoisoma makala ile niliwaza Kongo moja kwa moja. Msitu wa mvua wa kitropiki wa pili kwa ukubwa duniani, miti ya majani mapana, na upande wa mashariki kuna sehemu zilizo miongoni mwa zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Viungo vyote vya chungu kile vipo. Natamani kuiona ndege yenye vyombo ikipita juu ya Kisangani alfajiri, baada ya mvua ya usiku, na watu wa pale ndio wasome mchoro.

Mwaka jana mwezi wa kumi nilirudi Mufindi. Nilimkuta baba mkubwa kwenye kitalu kile kile, mvi zimeongezeka, kisu ni kipya. Nikamwamkia, nikamwambia nimeleta jibu la swali lake. Alicheka, alikuwa amelisahau, kisha akakumbuka viazi. Tukakaa, nikamchorea ndizi kwa kijiti kwenye vumbi la barabara ya magogo. Nikamweleza juu ya harufu inayobeba oksijeni mpaka inakuwa nzito, juu ya kichanga kinachochagua chakula, juu ya wakubwa wanaokula wadogo. Hapo kwenye kuliwa alinikatiza. Alinyoosha kisu kuelekea bondeni, ambako moshi wa mashamba yaliyochomwa ulikuwa umelala, vilima vya mbali vimefifia kama vimechorwa kwa penseli.

"Kwa hiyo sasa hivi, na moshi ule, hawakui."

"Wengi hawakui, baba mkubwa. Moshi unawala."

"Na mvua ikishaosha?"

"Mvua ikiosha, halafu jua likatoka, hiyo ndiyo asubuhi yao."

Akafikiri kidogo, akifuta utomvu kwenye kisu kwa jani.

"Basi umekuja mwezi mbaya," akasema. "Njoo Desemba, uje na hiyo mashine."